Kiwiko cha Mkondo

Siku ya tisa ya joto, mgeni mmoja alifika Kituo cha Rasi akiwa na deli la barafu begani. Mlinzi alidhani amekuja kuuza samaki, akamwonyesha njia ya jikoni. Mgeni akasema hana cha kuuza; anamtafuta mtu anayegeuza mapezi.

Mtu huyo alikuwa Mwatime Nassoro, mzaliwa wa Msambweni, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu. Kwa miaka sita alikuwa ndiye mtaalamu wa mkondo pale kituoni. Asubuhi ile alikuwa mbele ya ramani ya bahari, na wekundu uliotanda juu ya Mwamba wa Mazeka ulikuwa haujasogea hata kidogo tangu wiki iliyotangulia. Nyuzi thelathini na moja. Matumbawe ya pale huvumilia joto hilo siku kumi na nne, kumi na tano yakibahatika. Baada ya hapo hugeuka meupe, na meupe yakikawia hufa. Mwamba ukifa, samaki wanaozaliana ndani yake hawana pengine pa kwenda, na mawimbi yanayovunjikia kule nje yatakuja kuvunjikia kwenye visima vya mji wa Mazeka. Mji ule ulikuwa na watu elfu tisini.

Dawa ya joto ilikuwapo. Mapezi yalipangwa kugeuzwa baada ya siku tatu. Kwa hiyo Mwatime alipoambiwa kuna mtu nje, alitaka kusema arudi wiki ijayo. Mlinzi akaongeza kuwa mtu mwenyewe ametoka Ibo Mpya. Mwatime akaitazama ramani. Ibo Mpya ilikuwa kilomita mia nne kusini, nje kabisa ya ramani yake. Akasema aletwe.

Momadi Anli alikuwa na miaka hamsini na ushei, mfupi, mwenye mabega ya mpiga mbizi na sikio moja lililokufa kwa ajili ya kazi hiyo. Alikaa upande ambao sikio zima lingemwelekea mwenyeji wake, akaweka deli mezani, akafungua kifuniko. Ndani hamkuwa na barafu. Kulikuwa na vipimajoto vidogo vya kujitunzia vipimo, ishirini na vitatu, kila kimoja sawa na dole gumba, na kila kimoja kimefungwa kitambaa kilichoandikwa tarehe na jina la mahali.

Kiswahili chake kilikuwa na ladha ya Kimwani, lugha ndugu ya Kiswahili, lakini walisikilizana vizuri. Watu wa Ibo Mpya walikuwa Wamwani watupu. Bahari ilipovimeza visiwa vyao vya kaskazini, walihamishiwa kusini, ambako maji yalikwisha kupata uvuguvugu wa kutosha kumfuga samaki wao wa jadi, mwatiko. Walihama na vifaranga vya mwatiko kwenye matangi, kama wengine wanavyohama na mbuzi. Wakajenga vizimba sitini kwenye ghuba yao, na kwa miaka tisa mambo yakawaendea sawa.

Baridi iliwaingilia miaka miwili iliyopita, tarehe ishirini na nne Machi, mchana kweupe. Saa nne asubuhi maji yalikuwa nyuzi ishirini na tano. Kufikia alasiri yalikuwa kumi na moja. Mwatiko ni samaki wa maji moto. Waligeuka matumbo juu mle vizimbani, wakafa wote. Wakaguzi walikuja, wakaandika kwamba ni tukio la asili, wakaenda zao. Momadi hakuridhika. Kila kazi ilipopungua alipanda kaskazini, kijiji hadi kijiji, akimuuliza kila mwenye kizimba, mtego au gati kama amehifadhi kipimajoto cha mwaka ule. Wengine walimpa, wengine walimwona mwehu. Alipovipanga vipimo kwa tarehe aligundua kwamba kadiri alivyokwenda kaskazini, ndivyo baridi ilivyokuwa imetangulia kufika. Ile baridi ilikuwa imetembea, tena kwa mwendo usiobadilika, kilomita kumi na saba kwa siku.

"Nikahesabu kurudi nyuma," alisema. "Hesabu ikaniishia hapa kwenu, tarehe ishirini na nane Februari. Siku hiyo mlifanya nini, dada?"

Mwatime hakuhitaji kufungua kumbukumbu. Siku hiyo ndiyo waliyogeuza mapezi kwa mara ya kwanza. Mwamba ulipona, na mji wa Mazeka ukamfanyia karamu.

Akamwomba Momadi ruhusa ya kuvisoma vile vipimajoto. Akavisoma kimoja baada ya kingine na kuziingiza namba katika mashine yake, huku mgeni akinywa chai na kuitazama ramani.

Mapezi yale yalikuwa mia mbili na kumi na mawili, kila moja refu kama jengo la ghorofa kumi, yamefungwa nanga pale ambapo uwanda wa maji madogo ya pwani huishia na kilindi huanza. Nje ya ukingo huo hupita Mkondo wa Agulhas, mto wa maji moto ndani ya bahari, mpana kilomita mia moja, ukishuka kusini usiku na mchana. Mkondo ukiwa umenyooka, maji yake moto huulalia uwanda, na yale ya chini hayapati nafasi. Ukisukumwa kidogo kwenda nje, hupinda kama kiwiko cha mkono, na ndani ya kona hiyo maji baridi ya kilindini hupanda hadi pwani yakiwa na rutuba yake yote. Mkondo hujipinda wenyewe mara chache, kwa wakati wake. Mradi uliujengea mapezi ili upinde watu wanapotaka.

Kwamba kiwiko husafiri, Mwatime alijua. Mkondo hukichukua na kwenda nacho. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyeandika, katika taarifa iliyoruhusu mapezi yajengwe, kwamba hufifia ndani ya siku nane. Sasa alizidisha nane kwa kumi na saba. Ilikuwa kilomita mia na thelathini na sita. Pale ndipo lilipokuwa boya la mwisho la kupimia, kwa sababu pale ndipo ulipokuwa mpaka wa mradi.

Kiwiko hakikuwa kimefifia. Kilikuwa kimepita mahali walipoachia kupima.

"Ni sisi," alisema. Halafu akajisahihisha. "Ni mimi. Hesabu ni yangu."

Momadi aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesomewa barua anayoijua. Ndipo akasema lile ambalo hakulisema mwanzo. Siku ile ya baridi, mdogo wake, Abudu, alizama na kisu kukata nyavu ili samaki watoke wajaribu bahati yao. Hakuwa na nguo ya baridi. Nani angekuwa nayo kwenye maji yale? Walimpata siku ya pili, kisu kikiwa bado kimefungwa mkononi.

Momadi akafunika deli lake.

"Sikuja kukuzuia," alisema. "Nimepita mjini, nimeuona mwamba na watu wanaoutegemea. Nimekuja ujue. Na kama utageuza, nataka niijue siku."

*

Mkuu wa kituo alikuwa Mandlenkosi Gumede, mzee wa Mazeka kwa kuzaliwa, aliyejifunza Kiswahili ukubwani kwa sababu ya kazi na akakizungumza kwa uangalifu wa mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alizipitia zile namba mara mbili. Hakubisha. Alivua miwani, akauliza kuna njia gani nyingine.

Mwatime alitumia siku ya kumi na siku ya kumi na moja kuitafuta hiyo njia. Alijaribu katika mashine kugeuza nusu ya mapezi. Mkondo ulijinyoosha wenyewe ndani ya saa chache na mwamba haukupata hata tone la baridi. Alijaribu robo tatu, akapata kiwiko kidogo kisichofika mwambani lakini kinachofika Ibo Mpya vilevile. Alijaribu kugeuza yote kwa muda mfupi, kisha kuyarudisha kwa nguvu ili kukivunja kiwiko kikishapita Rasi. Mashine ikaonyesha viwiko viwili badala ya kimoja. Aliwaandikia wakubwa wa Mamlaka ya Mkondo, akaambatanisha vipimo vyote ishirini na vitatu. Walijibu kwamba shughuli iendelee kama ilivyopangwa, na suala hilo litakabidhiwa kamati.

Jioni ya siku ya kumi na moja alimfuata Momadi katika chumba cha madereva alikopewa kitanda. Alimweleza yote, hata yale ya viwiko viwili. Kisha akamuuliza yeye angefanya nini.

"Hilo usinitwike," alisema Momadi. Hakusema kwa hasira. "Nikisema geuza, nitawaambia nini kwetu? Nikisema usigeuze, nitapitaje tena mji huu?"

Mwatime alirudi kwa Gumede na kumwambia kwamba moyo wake unamwelekeza kuacha. Yaliyotokea mara ya kwanza yalitokea kwa kutojua. Safari hii wangekuwa wanajua.

Mama yake Gumede, mwenye miaka themanini na minane, bado alichota maji katika kisima kilicho mita mia mbili kutoka baharini, na dhoruba ya mwaka juzi ilikwisha kukitia chumvi mara moja. Mwatime alijua hilo, naye Gumede alijua kwamba anajua. Kwa hiyo hakulitaja.

"Ukiacha pia umetenda," alisema. "Hilo tu ndilo ninalolijua. Mapezi yakikaa kimya, mwamba hautakufa kwa tukio la asili. Utakufa kwa sababu mimi na wewe tulikaa ofisini."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Kilichomgeuza Mwatime hakikuwa hoja ya watu elfu tisini wa Mazeka dhidi ya elfu tatu wa Ibo Mpya, maana kila alipoiweka mezani aliiondoa mwenyewe. Kilichomgeuza ni zile siku ishirini na nne za kiwiko kufika Ibo Mpya. Mwamba haukuwa na siku. Vizimba vilikuwa nazo, na vizimba vinaweza kuhamishwa. Miaka miwili iliyopita watu wa Ibo Mpya hawakuumizwa na baridi peke yake. Waliumizwa na kutokujua inakuja.

Akasema atageuza, kwa sharti moja. Vijiji vyote thelathini na kimoja vya njiani vipelekewe ujumbe unaotaja siku, kina na nyuzi, na useme wazi kwamba baridi hii imetoka hapa, imeletwa na watu, na ya mwaka juzi pia. Gumede alisita. Mamlaka haikuwa imeruhusu kukiri chochote. Alikwenda dirishani, akarudi, akauandika ujumbe kwa mkono wake na kuweka jina lake chini. Mwatime akaweka la kwake.

"Na mimi nakwenda nao," alisema Mwatime. "Maneno kama haya hayatumwi peke yake."

*

Waligeuza mapezi siku ya kumi na mbili, saa moja asubuhi. Hakukuwa na la kutazama sana. Mistari mia mbili na kumi na miwili kwenye kioo iliinama pamoja kuelekea baharini, na ikabaki imeinama kwa saa thelathini na sita. Saa ya ishirini, boya la kwanza nje ya Rasi lilionyesha joto limeshuka nyuzi mbili. Siku ya kumi na nne maji ya mwambani yalikuwa ishirini na sita, na wapiga mbizi wa kituo walileta picha: matumbawe yamepauka pembeni, lakini katikati yana rangi yake. Mjini watu walishuka kuogelea, wakatoka wakitetemeka na kucheka.

Mwatime hakuyaona hayo. Alikuwa ameshaondoka na Momadi kwa pikapu ya kituo, nyuma wamepakia vipimajoto, kamba na betri. Kiwiko kilikuwa nyuma yao kikija kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka kwa saa nne tano na kulala saa zilizobaki.

Kwa siku tano walisimama kila kijiji. Momadi alikwisha kupita huko, akajulikana kama yule mtu wa vipimajoto. Alimtanguliza Mwatime. Mwatime aliona upesi kwamba akianza na mkondo na kilindi, watu hutazamana. Basi akajifunza kuanza na siku. Aliwaambia, kwa mfano, Jumatano ya wiki ijayo maji yatashuka hadi nyuzi kumi na mbili, yatakaa siku nne au tano, mtu asipige mbizi, na aliye na samaki kizuizini awaondoe. Na sisi wa Rasi ndio tuliofanya.

Hapo kwenye neno la mwisho ndipo sura zilipobadilika, na si kwa namna moja. Kijiji kimoja, mzee mwenye mitego ya kambakoche alimsikiliza hadi mwisho, akaingia ndani na kufunga mlango. Kijiji kingine, chenye pwani ya mawe, wanawake waliokuwa wakibandua kome walifurahi. Baridi ikija huwaletea dagaa wakubwa hadi ufukweni, walisema; mwaka juzi walivua kwa vikapu. Mmoja wao alimwomba Mwatime awe anawaletea kila mwaka, ikiwezekana kabla ya sikukuu. Ndani ya gari Momadi alimwambia kwamba na hao pia aliwaandika, miaka miwili iliyopita, kwa sababu mtu akiandika hasara peke yake atakuwa mwongo.

*

Walifika Ibo Mpya siku ya tano tangu mapezi yageuzwe. Ushirika wa wafugaji uliongozwa na Bi Mwanasha Suale, mwanamke mrefu wa miaka sitini na kitu, aliyekuwa mwalimu wa hesabu visiwani kabla ya kuhama. Ujumbe wa kituo alikuwa ameshaupokea. Karatasi aliikunja mkononi. Alimsikiliza Mwatime akiwa amesimama, na watu kama arobaini nyuma yake wakiwa wamesimama pia. Mwatime alisema yote, pamoja na jina la Abudu.

"Siku ngapi zimebaki?" aliuliza Bi Mwanasha.

"Kumi na tisa."

"Basi maneno mengine yatasubiri."

Nyuma ya matuta ya mchanga kulikuwa na ziwa la maji ya chumvi, lenye joto na kina cha kutosha, lakini mlango wake kuelekea baharini ulikuwa umezibwa na mchanga kwa miaka mitatu. Waliuchimba kwa majembe, kwa karai, na kwa buldoza moja kuukuu iliyozimika mara mbili kila siku. Kazi hiyo ilichukua wiki nzima. Kisha wakaanza kuvuta vizimba kwa boti mbili, polepole, maana mwatiko akivutwa kwa kasi hugandamizwa wavuni. Kila maji yalipojaa, mara mbili kwa siku, walipitisha viwili, na bahati ikiwapo vinne. Mwatime alipanga zamu kwa ratiba ya maji kujaa na kupwa, na asubuhi alipokea namba kutoka vijiji vya kaskazini: kiwiko kimefika kwa mzee wa mitego, kimefika kwa wanawake wa kome, kiko siku saba mbali, kiko siku tano.

Siku ya ishirini tangu kugeuza, upepo wa kaskazini-mashariki ulianza kuvuma kwa nguvu. Mwatime alijua maana yake. Upepo huo huyasukuma maji ya juu kutoka pwani na kuyafungulia mlango ya chini. Aliwaambia baridi inaweza kuwahi kwa siku moja. Waliongeza kazi, hata chakula kikaletwa botini.

Iliwahi kwa siku mbili. Siku ya ishirini na mbili, saa tatu asubuhi, bahari ya ghuba ilibadilika rangi, ikawa kijani kizito, na hewa juu yake ikapoa kiasi kwamba watu waliokuwa ufukweni walijikunyata. Kipimajoto cha gatini kilisoma kumi na tisa, kisha kumi na sita. Vizimba arobaini na sita vilikuwa ziwani. Kumi na vinne vilikuwa bado nje, na maji yalikuwa yanapwa. Hakuna kizimba ambacho kingepita mlangoni kabla ya jioni.

Mwatime alikuwa akiandika namba alipomwona Momadi anavaa miwani ya kuzamia. Wanaume wengine wanne walikuwa wanafanya hivyo hivyo. Momadi alikuwa anajifunga kisu kwenye kifundo cha mkono.

Mwatime alikwenda akasimama mbele yake, upande wa sikio zima.

"Maji yamefika nyuzi kumi na mbili sasa," alisema. "Utakuwa na dakika ishirini kabla vidole havijakataa. Wavu mmoja unakula dakika arobaini."

"Nakata upande mmoja tu, watoke."

"Watoke waende wapi, Momadi? Nje ni baridi kama ndani."

Momadi alimtazama. Mwatime alitambua kwamba hana haki ya kumzuia mtu huyu kitu chochote, tena mahali hapa, tena kwa maji haya. Hata hivyo hakusogea.

"Hakuna anayeingia," alisema, kwa sauti ya kutosha wale wanne wasikie. "Hao samaki ni wa kwangu. Mimi ndiye niliyewaua. Msiniongezee."

Bi Mwanasha alikuwa amefika, akishika kanga yake isipeperushwe. Hakumsaidia Mwatime kwa neno lolote. Alinyoosha mkono mbele ya Momadi, kiganja juu, kama mwalimu anayedai kitu kwa mwanafunzi, akangoja. Baada ya muda Momadi alikifungua kisu na kukiweka mkononi mwake.

Wakaketi gatini, wote, wakatazama. Ilichukua kama saa mbili. Kwanza mwatiko walizunguka kwa kasi, kisha polepole, kisha matumbo meupe yakaanza kuonekana, kizimba hadi kizimba, mpaka vyote kumi na vinne vikawa vyeupe. Hakuna aliyelia kwa sauti. Mwatime aliendelea kuandika namba kila robo saa, maana ndiyo kazi aliyokuwa nayo.

*

Kesho yake ufukweni kulikuwa na samaki waliokufa: taa kumi na tisa, mabawa yao mapana yamekunjamana mchangani, na papa wanne. Hao hawakuwa na vizimba wala ujumbe wa kuwafikia. Walikuwa wameambaa pwani wakifuata maji moto, wakakuta baridi mbele na baridi nyuma. Walizikwa kwa buldoza ile ile. Mwatime alipima urefu wa kila mmoja kabla ya kufukiwa.

Gumede alipiga simu mchana. Mwamba umeshikilia, alisema. Sehemu nane kati ya kumi ni nzima. Mwatime akampa namba za huku: vizimba kumi na vinne, taa kumi na tisa, papa wanne, watu hakuna. Gumede akaziandika, akazirudia ili ahakikishe. Halafu akasema kwa shida kwamba majira ya joto bado yana wiki sita, na huenda wakahitaji tena kabla hayajaisha.

Jioni watu walikusanyika katika ukumbi wa shule. Maneno yaliyosubiri yalisemwa. Yalisemwa kwa saa tatu, mengine makali, na Mwatime alikaa mbele akiyapokea. Mfugaji mmoja, aliyepoteza vizimba vyake vyote viwili, alimuuliza kama angegeuza mapezi iwapo hapa wangekuwa wanaishi jamaa zake wa Msambweni.

"Sijui," alisema Mwatime. "Nimejiuliza njia nzima. Ningependa kukwambia ndiyo, ili uone nilikuwa na haki. Sijui."

Palitokea minong'ono, kisha ikazimika. Bi Mwanasha alisimama kwa ajili ya kufunga mkutano. Alisema yeye ni mwalimu wa hesabu na hawezi kukana kwamba arobaini na sita ni zaidi ya sifuri. Lakini hesabu iliyokosewa mara mbili, mara ya kwanza kwa kilomita na mara ya pili kwa siku, ilikosewa kwa sababu moja: aliyeihesabu anaishi upande mwingine. Hivyo ushirika una mambo mawili ya kuiambia Rasi. Mapezi yasigeuzwe tena kabla Ibo Mpya haijajibu kwamba vizimba viko ndani.

"Na la pili," alisema, "anayepeleka baridi aishi inakofika. Si kwa wiki mbili tatu. Aishi."

Watu wote walimgeukia Mwatime. Alifikiria nyumba yake pale Rasi, dirisha linalotazama mwamba, na mashine iliyomzoea. Alifikiria pia kwamba Mamlaka haitakubali, na kwamba itabidi ikubali, kwa kuwa hakuna mwingine anayeweza kukisoma kiwiko.

Akauliza kama kuna mahali pa kupanga chumba.

Walimpa chumba nyuma ya duka la nyavu, chenye harufu ya lami na dirisha moja dogo. Momadi alimsaidia kuingiza betri na kamba, akaenda zake bila kuaga, akarudi baadaye na jiko na sufuria. Siku ya nne ya baridi maji ya ghuba yalipanda hadi ishirini, na wafugaji wakaja mlangoni asubuhi kuuliza kama wanaweza kuvitoa vizimba ziwani, maana chakula mle ndani kilikuwa kinapungua na samaki wameanza kukonda.

Mwatime alishuka nao gatini. Alipima juu, alipima katikati, alipima chini kabisa. Chini kulikuwa bado na kumi na tano. Akawaonyesha kipimo, akawaeleza kwamba upepo ukigeuka usiku maji hayo ya chini yanaweza kupanda tena. Akasema wangoje hadi kesho.

Walimuuliza maswali mengi, naye akayajibu yote. Mawili alijibu kwamba hajui. Bi Mwanasha akainama, akakisoma kipimajoto kwa macho yake mwenyewe, akakirudisha majini.

Wakangoja.